"Sawa na" ngapi ziko kwenye mkataba wa mikoko?

Waalaykum salaam kijana wangu wa Faza. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikasema hapana, hili la kucheka silo. Nalirudia kwa ufupi ili na wengine wafuate. Kikundi chenu cha mikoko kimeletewa rasimu ya mkataba wa mradi wa kaboni, yaani wa kuuza tani za gesi ya joto ambazo mikoko yenu inazihifadhi, kurasa arubaini za Kiingereza kigumu, na wewe kwa vile ndo uliyesoma umeambiwa uwasomee wazee kwa Kiswahili kabla ya mkutano. Umekwama kwa sababu kuna maneno matano sita, "deemed", "tantamount to", "equivalent", "constructive", "as if", "same force and effect", na kila ukifungua kamusi unarudishwa palepale, sawa na, sawa na, sawa na. Halafu kuna ile tCO2e, kipimo chao cha tani za gesi, imejaa kila ukurasa kama kupe. Unauliza: niandike "sawa na" kote nimalize, ama kuna tofauti itakayotuuma baadaye?

Ipo, na itawauma. Mimi imenishauma, ndo nianze na hiyo.

Kazi ya ukalimani nimeifanya Amu, yaani Lamu, na Malindi miaka mingi, mahakamani na kwenye mikutano ya miradi. Siku moja nikaitwa kijiji kimoja, mradi wa nani niuache, tukakaa kwenye darasa la shule, madirisha hayana vioo, upepo wa kaskazi unapeperusha makaratasi mpaka mzee mmoja akaweka kiatu chake juu yake. Kulikuwa na kifungu kinasema mwanachama asiyeleta pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30 "shall be deemed to have consented". Nikatafsiri haraka haraka: "atadhaniwa kuwa amekubali". Mzee wa kiatu akaniuliza, kwa Kiamu chake safi, "Sasa kudhaniwa na kukubali ni jambo moya ama si moya?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu hapana mzee, dhana ni dhana tu, mtu anaweza kuja akaeleza. Watu wakatulia. Wengine wakaenda zao baharini, wengine bara kwenye mashamba, siku 30 zikapita. Waliporudi na pingamizi lao wakaambiwa mlishakubali. Wakasema hatukukubali, mkalimani alisema ni dhana. Wakaambiwa mkalimani alikosea, someni Kiingereza. Na kweli nilikosea.

Kiswahili cha pale ilikuwa "atahesabiwa amekubali, hata kama moyoni hakukubali". Hayo maneno manne ya mwisho hayako kwa Kiingereza lakini ndo maana yenyewe ya "deemed", na mkalimani asiyeyasema ameuza watu.

Manake "deemed" haisemi vitu viwili vinafanana. Inasema sheria, ama mkataba, imeamua kukichukua hiki mahali pa kile, ijue ama isijue kama ni kweli. Wewe umekulia Faza, madrasa umepita, kwa hivyo nikupe mfano ambao wazee wataushika mara moja: tayamamu. Mtu hana maji, anapiga mchanga, anapangusa uso na mikono, anaswali. Hakuna anayesema mchanga umekuwa maji. Wala hakuna anayesema mchanga unafanana na maji. Ni kwamba hukumu imeuweka mahali pake, kwa jambo lile, kwa wakati ule, na maji yakipatikana hukumu inaondoka. Hiyo ndo "deemed" kwa ukamilifu wake, na ukiwaambia wazee "kifungu hiki ni kama tayamamu, kunyamaza kwako kumewekwa mahali pa ndiyo yako", utaona vichwa vinavyotikisika, tena maswali yatakayofuata yatakuwa ya maana: kumewekwa na nani, kwa jambo gani, na maji yakipatikana je?

Hilo la maji yakipatikana ndo la kuangalia sana. Sentensi ya "deemed" huwa na mkia, ama haina. Sheria ya Uingereza ya kufasiri sheria, ya mwaka 1978, kifungu cha 7, inasema barua iliyoandikwa anwani sawasawa, ikalipiwa, ikatiwa posta, "is deemed" imefika, halafu inaongeza mkia: isipokuwa ithibitishwe vingine. Yaani hapo mlango uko wazi, ukileta ushahidi barua haikufika unasikizwa. Kifungu changu cha siku 30 hakikuwa na mkia. Mlango ulifungwa na ufunguo ukatupwa baharini, na mimi nikawa nawaambia watu mlango uko wazi.

Na neno dhana lina mahali pake, usilitupe. Sheria yetu ya Ushahidi, Kenya, Cap 80, kifungu cha 118A inasema mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake lau angekuwa hai, kutakuwa na dhana kwamba amekufa, dhana inayoweza kupingwa. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa hiyo, kila mji una jina la baharia ambaye chombo kilirudi vipande ama hakikurudi. Sheria haisemi amekufa. Inasema tumechukulia hivo ili mirathi isikwame na mke asibaki kati, na siku akiteremka pale gatini na mzigo wake begani, dhana imevunjika. Hiyo kwa Kiingereza ni "presumption". Sheria hiyohiyo kifungu cha 4 inapanga ngazi tatu: mahakama inaweza kudhania, mahakama lazima idhanie mpaka ithibitishwe vingine, na ya tatu, ushahidi wa mwisho ambao hakuna anayeruhusiwa kuupinga. Kwa hivyo mkataba wako ukiandika "presumed" andika "itachukuliwa, mpaka ithibitishwe vingine", ukiandika "deemed" andika "itahesabiwa", kisha angalia mkia, na ukikuta "conclusively deemed" simama hapo, wapigie wazee kelele, waambie hapa hakuna kurudi.

"As if" na "same force and effect" nazipita mbio. "As if" ni kana kwamba, haina ujanja, ila angalia inafika wapi, kwa sababu mara nyingi ni kwa lengo moja tu la mkataba. "Same force and effect" ni "ina nguvu ileile", basi. Wanasheria wa Kiingereza wana tabia ya kutaja kitu kimoja mara mbili kama muuza samaki anayeita jina la samaki na jina lake la utani, "null and void", "force and effect", wewe usihangaike kutafuta maneno mawili ya Kiswahili, moja latosha.

Lakini hilo neno "effect" lenyewe nikuonye, ni kinyonga. "Takes effect" ni kuanza kutumika. "To the effect that" ni kwa maana kwamba. "In effect" ni ukitazama kiini cha mambo. "Greenhouse effect" ni gesi kuzuia joto lisitoke. Kwenye mkataba wako wa mikoko nina hakika yote manne yamo, na ukiweka "athari" kote, kifungu cha kuanza kutumika mkataba kitasomeka kama mkataba unatishia kudhuru watu.

Sasa "tantamount to". Hii ndo nnayoipenda mwenyewe. Asili yake Kifaransa cha zamani cha kina Norman, maana yake kufikia kiasi kilekile. Haiamui kama "deemed". Hii inabishana. Anayeitumia anasema: hukufanya jambo lile kwa jina, lakini ulilolifanya, ukijumlisha, haliachani nalo. Kiswahili chake kizuri si "sawa na", ni "haina tofauti na". Fikiria hivi: mtu hajagusa mashua yako, haijachukuliwa, iko pale ufukweni na jina lako ubavuni. Ila amekunyima kibali cha kuteremsha samaki, bandari hii huruhusiwi, ile huruhusiwi, leseni kila ukienda rudi kesho. Mashua imebaki ya kuotea kuku kivuli. Utasema nini? Hajaninyang'anya lakini haina tofauti na kuninyang'anya. Umeshasema "tantamount".

Na watu wamelipwa mamilioni juu ya neno hilo. Mkataba wa biashara wa Kanada, Marekani na Meksiko ulioanza kazi 1994, ule NAFTA, kifungu chake cha 1110 kilikataza serikali kutaifisha mali ya mwekezaji wa nchi ya pili bila fidia, na pia kuchukua hatua iliyo "tantamount" na kutaifisha. Kampuni ya Kimarekani, Metalclad, ilijenga jaa la taka za sumu huko San Luis Potosi, Meksiko, manispaa ikakataa kuipa kibali cha ujenzi, na mwishowe gavana akatangaza eneo lile hifadhi ya mimea ya jamii ya kakti. Hakuna aliyechukua jaa lao. Waamuzi wakasema mwaka 2000 haina tofauti, Meksiko ilipe, dola milioni 16 na ushee. Mwaka huohuo kesi nyingine, ya Pope & Talbot na serikali ya Kanada, kampuni ikajaribu kusema "tantamount" ni pana kuliko "equivalent", inafunika na mambo madogo ambayo hayajafika kutaifisha. Waamuzi wakakataa, wakasema maneno hayo mawili maana yake moja, na kitu kinacholingana na kingine hakiwezi kukizidi. Sikiza hapo: watu wazima, mawakili wa bei mbaya, wanabishana juu ya tofauti uliyoniuliza wewe.

Wazungu wa Ulaya wao wanayo yao, "measures having equivalent effect". Kwenye mkataba wa Roma wa 1957 nchi zilikatazana kuwekeana kima, yaani kikomo cha kiasi, cha bidhaa zinazoingia, na pia hatua zozote zenye matokeo ya namna hiyo. Kesi maarufu ni ya 1974, ya pombe ya Waskoti, Mungu atuepushe lakini mfano ni wao. Mfanyabiashara aliinunua Ufaransa akaiingiza Ubelgiji, Ubelgiji ikamtaka cheti cha asili kutoka Uingereza kwenyewe, cheti ambacho aliyenunua Ufaransa kukipata ni taabu tupu. Ubelgiji haikusema usilete. Haikuweka kima. Ilitaka karatasi tu. Mahakama ya Ulaya ikasema kanuni yoyote inayoweza kuzuia biashara kati ya nchi hizo, moja kwa moja ama kwa kuzunguka, kwa kweli ama kwa uwezekano, inachukuliwa kuwa na matokeo yaleyale ya kima. Yaani jina la hatua si hoja, wanaangalia imefanya nini kwa mtu. Ukikutana na "equivalent effect" kwenye karatasi ya kisheria, usiandike "athari sawa" ukaenda zako, andika "hatua yoyote ambayo matokeo yake ni yaleyale, hata kama inaitwa jina jingine".

Dada yake ni "constructive". Hapa nimeshaona tafsiri rasmi, iliyopigwa muhuri, ikisema mfanyakazi "alifukuzwa kwa kujenga". Wallahi. "Constructive dismissal" haina ujenzi ndani yake, inatoka kwenye "construe", kufasiri. Ni pale mwajiri amekufanyia maisha kuwa machungu mpaka ukaandika barua mwenyewe ya kuacha, na mahakama ikasema barua uliandika wewe lakini tunalifasiri kuwa ulifukuzwa. Mkataba wako unaweza kuwa na "constructive notice", usiandike taarifa ya kujenga tafadhali, ni kwamba utahesabiwa umepata habari kwa sababu ilikuwa mahali ambapo ungeweza kuiona.

Na sisi Amu tunayo ya kwetu. Ile kesi ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, iliyoamuliwa na tribunali ya mazingira Juni 2019. Wenye mradi walisema mikutano tulifanya. Tribunali ikaangalia mikutano ile ikaona ilikuwa ya utangulizi, kabla ya utafiti wenyewe, haikukaa mahali pa kuwashirikisha watu juu ya ripoti ya utafiti. Ikaandika kwamba ushirikishaji wa umma ndo oksijeni inayoipa uhai ripoti ya mazingira, na bila hiyo ripoti imezaliwa mfu, hata iwe nene namna gani. Leseni ikafutwa. Ukiitazama kwa jicho la swali lako, ubishi ulikuwa huohuo: mkutano wa kujulishana, waweza kuhesabiwa kuwa ni ushirikishaji? Na jibu likawa hapana. Kwa hivyo mkutano wenu ukiandikwa kwenye rasimu kwamba "shall constitute" ushirikishaji wa jamii, hilo "constitute" msilisome kama pambo. Linasema mkutano huu NDO ushirikishaji wenyewe, hakuna mwingine utakaokuja.

Haya, tuingie kwenye ile tCO2e, maana najua ndo iliyokukosesha usingizi.

Hapa "equivalent" imebadilika kabisa, si ya sheria kuamua wala ya wakili kubishana, ni ya mizani. Neno lenyewe kwa Kilatini ni usawa wa nguvu, vitu viwili vyenye nguvu moja. Herufi e ndogo pale mwisho ndo "equivalent". Gesi zinazoongeza joto ni nyingi, kabonidayoksaidi, methani ya ng'ombe na ya majaa, naitrasi oksaidi ya mbolea, na nyingine za kwenye friji na mitambo ya stima, na tani moja ya hii haina nguvu ya tani moja ya ile. Korija ya boriti na korija ya fito zote ni ishirini, lakini ukimwambia fundi wa Amu ni sawa atakufukuza. Sasa ili wajumlishe zote kwenye hesabu moja, wanageuza kila gesi kuwa tani za kabonidayoksaidi ambazo zingeongeza joto kwa kiasi kilekile. Tani za gesi unazidisha kwa namba yake, ndo hiyo.

Wazee wakikukazia macho, waulize juu ya fitri. Pishi ya mchele kwa kila kichwa, na kila mwaka mjadala ni uleule: je mtu akitoa pesa zenye thamani ya pishi, ametoa pishi? Sisi Washafi tumelelewa kwamba chakula ndo chakula, Wahanafi wanakubali thamani. Wote wanajua shilingi si mchele. Wanachobishania ni kama thamani yake yaweza kukaa mahali pake, na kwa bei ya siku gani. tCO2e ni thamani ya pishi. Si pishi.

Na bei ya siku gani ndo hapo pa moto. Methani inakaa angani kama miaka 12 hivi kisha inavunjika, lakini kwa muda huo inachoma kwelikweli. Kabonidayoksaidi inakaa karne na karne. Kwa hivyo ukiuliza tani moja ya methani ni tani ngapi za kabonidayoksaidi, mwanasayansi lazima akurudishie swali: kwa muda gani? Kwa miaka 100 ni kama 28. Kwa miaka 20 ni kama 80. Tani ileile, ng'ombe yuleyule, neno lilelile "equivalent", jibu limezidi karibu mara tatu kwa kubadilisha dirisha la kuangalilia. Na hata kwa miaka 100 hiyohiyo namba imekuwa ikihama wanasayansi wanavyopima vizuri zaidi: hesabu za mwanzo za Kyoto, mkataba wa tabianchi uliotangulia ule wa Paris, zilitumia 21, kisha 25, mkataba wa Paris unatumia 28, na ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, imegawa, 27 kwa methani ya viumbe, karibu 30 kwa ile ya mafuta na makaa. Ng'ombe wa Mpeketoni hana habari.

Kwa hivyo tafsiri ya tCO2e usiandike "tani sawa na CO2" peke yake, ni mfupa bila nyama. Mara ya kwanza inapotokea andika kirefu: tani za gesi zote baada ya kugeuzwa hesabu kuwa za kabonidayoksaidi, kwa kipimo cha miaka 100, kwa namba za ripoti fulani ya IPCC. Kisha chini ya hapo fupisha upendavyo. Ikiwa rasimu haitaji ni ripoti gani na miaka mingapi, hiyo si kosa lako la tafsiri, ni shimo kwenye mkataba, liulizie.

Kwa mikoko, nikutulize kidogo, kazi kubwa ni ya kabonidayoksaidi yenyewe, mti unaivuta na tope linaihifadhi, methani inayotoka topeni ni sehemu ndogo, kwa hivyo e hiyo haitawatingisha sana. Kitakachowatingisha ni kingine ambacho watu hawakioni: kaboni na kabonidayoksaidi. Kiingereza chao kinasema "carbon" kote, carbon market, carbon credit, tonnes of carbon, kama kwamba ni kitu kimoja. Sicho. Kaboni uzito wake ni 12, ikishaungana na oksijeni inakuwa 44. Ukigawa unapata 3.67. Mtafiti anayechimba tope na kupima huwa anaandika tani za kaboni, tC, soko linauza tani za kabonidayoksaidi. Tani 100 za kaboni kwenye tope ni tani 367 za kuuza. Mtu akiwasomea namba ya kwanza na kuwalipa kwa bei ya namba ya pili, kwa kila tani 367 mtalipwa 100, na hakuna atakayekuwa ameongopa, neno lilikuwa "carbon" mwanzo mpaka mwisho. Hapa "sawa na" yako ingekuwa ya hasara ya kweli.

Watakuuliza pia, na hizo tani zenyewe ni kiasi gani, mtu azione. Usitumie mfano wa brosha. Brosha zinapenda kusema "equivalent to taking so many cars off the road", ni sawa na kuondoa gari kadhaa barabarani. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kama tani 3,000 kwa mwaka tangu 2013, na kwa hesabu ya idara ya mazingira ya Marekani ya tani 4.6 kwa gari kwa mwaka hiyo ni kama gari 650. Sasa mwambie hivo mzee wa Amu, mji wa punda, atakuuliza gari hizo ziliegeshwa wapi. Na kwa kweli hakuna gari iliyoondolewa popote, ni mfano wa mizani tu ulioandikwa kama tukio. Waambie hivi: petroli lita moja ikiungua kwenye mashine ya mashua inatoa kama kilo 2.3. Kwa hivyo tani moja ni kama lita 430, mitungi ishirini na moja ya lita ishirini na ushee. Mvuvi anajua mitungi ishirini na moja ni safari ngapi, wewe huna haja ya kummalizia hesabu.

Mahali sheria na hewa zinapokutana kwenye mkataba wako patakuwa kwenye kifungu cha malipo, kisome polepole kuliko vyote. Huko utakuta "deemed" ya mwanasheria imekaa juu ya "equivalent" ya mwanasayansi, kitu kama: tani zilizothibitishwa na mkaguzi zitahesabiwa kuwa ndo tani za mwaka ule. Maana yake mizani imepima, kisha mkataba umefunga macho, hata mizani ikirekebishwa mwakani. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inasema mradi wa kaboni wa ardhini jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, lakini asilimia 40 ya nini ndo suala, na hiyo "nini" itakuwa imefichwa ndani ya neno moja la usawa, mapato "deemed" kuwa kiasi fulani, ama gharama "equivalent" na kiasi fulani. Kila ukilikuta, andika pembeni kwa kalamu: nani kaamua, ama nani kapima, kwa kipimo gani, na je kuna mkia?

Tafsiri ya vifungu vingine waweza kuanza leo. Cha pingamizi, kama kipo, usikisome peke yako mkutanoni, wapigie hao walioleta rasimu uwaombe waandike kwa Kiingereza chao wenyewe kama mtu aliyekuwa baharini siku hizo ataruhusiwa kupinga akirudi, ndo utafsiri. Na ile jedwali ya ukurasa wa mwisho uliyoitaja, ya matokeo ya tope, ipige picha unitumie, nataka kuona kichwa cha safu ya tatu kimeandikwa tC ama tCO2e.